Kabla ya kuitaka timu yako imsajili mrushaji mwenye historia ya majeraha

Kila Desemba, viongozi wa klabu za besiboli za Marekani wanapokutana na mawakala wa wachezaji, na tena kila mwisho wa Julai, muda wa kubadilishana wachezaji unapokaribia kwisha, mashabiki huingia katika mjadala ule ule. Yupo mrushaji hodari sokoni ambaye wapigaji wanamwogopa, lakini amekwishafanyiwa upasuaji wa kiwiko, au amekaa nje kwa miezi kadhaa kwa sababu ya bega. Wapo wanaosema kipaji kama hicho hakiachwi kipite, na wapo wanaosema kumchukua ni kutupa fedha. Pande zote mbili hubishana juu ya swali moja tu, kwamba ataumia au hataumia, na hilo ndilo swali ambalo hata daktari wa klabu hawezi kulijibu. Shabiki anayetaka kufikia uamuzi unaoeleweka ataona faida kubwa zaidi akiuliza mambo yanayoweza kupimwa: jeraha lenyewe ni la namna gani, mrushaji huyu anahitajiwa kurusha kiasi gani ili usajili wake ulipe, nani atasimama mahali pake siku asipokuwepo, na klabu inatoa nini ili kumpata.

Kwa ajili ya hesabu zitakazofuata, yafaa tukumbuke kwamba msimu wa kawaida wa ligi kuu ya Marekani una mechi 162, na kwamba timu nyingi huwazungusha warushaji watano wa kuanza, hivyo anayekamilisha msimu bila kuumia huanza takriban mechi 32. Kila mechi ina iningi 9, yaani awamu ambazo kila timu hupata zamu moja ya kupiga, na mrushaji wa kuanza siku hizi hutoka baada ya iningi 5 au 6. Anayefikisha iningi 180 kwa msimu ni mtu wa kutegemewa sana.

Anza na ukweli kwamba hakuna mkono ulio salama

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumlinganisha mrushaji mwenye historia ya majeraha na mrushaji wa kufikirika ambaye haumii kamwe. Mwezi Desemba 2024 ligi kuu ilitoa ripoti ndefu kuhusu majeraha ya warushaji, na takwimu zake zinapaswa kukaa kichwani mwa kila shabiki. Mwaka 2005 warushaji waliingizwa kwenye orodha ya majeruhi mara 212. Mwaka 2024 idadi hiyo ilifika 485. Siku walizokaa kwenye orodha hiyo zilipanda kutoka 13,666 hadi 32,257. Ripoti hiyo iliihusisha hali hii na namna urushaji ulivyobadilika: mpira wa kasi uliokuwa na wastani wa maili 91.3 kwa saa mwaka 2008 ulifika maili 94.2 mwaka 2024, na warushaji wanafundishwa kutumia nguvu zao zote katika kila mpira tangu wakiwa vijana wadogo.

Maana yake kwa shabiki ni kwamba anayeitwa salama naye ana uwezekano mkubwa wa kukaa nje kwa wiki kadhaa. Linganisha hatari kwa hatari. Linganisha pia na hatari ya kile ambacho timu inakitoa, jambo ambalo husahaulika kabisa. Julai 2016 Boston Red Sox walimchukua Drew Pomeranz kutoka San Diego Padres kwa kumtoa Anderson Espinoza, kijana wa miaka 18 aliyetajwa miongoni mwa warushaji chipukizi bora wa wakati huo. Kulikuwa na wasiwasi juu ya afya ya Pomeranz, na tutarudi kwake baadaye, lakini mwaka uliofuata alishinda mechi 17 akiwa na Boston. Espinoza, ambaye mashabiki wengi walilia kwamba ametolewa bure, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2017 na mwingine mwaka 2019.

Lisome jeraha lenyewe, usisome jina la jeraha tu

Kusema kwamba mtu “huumia mara kwa mara” hakumsaidii yeyote. Fungua kumbukumbu za mrushaji, mwaka baada ya mwaka, uandike kila alipoingia kwenye orodha ya majeruhi, sehemu ya mwili iliyoumia, muda aliokaa nje na hali aliyorudi nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hukumu juu ya mrushaji ni hivyo hivyo.

Kiwiko ndicho kinachozungumzwa zaidi, kwa sababu ligamenti iliyo upande wa ndani wa kiwiko ndiyo inayobeba mzigo mkubwa mkono unapozunguka kwa kasi. Tarehe 25 Septemba 1974 daktari Frank Jobe alichukua tendoni kutoka mkono wa pili wa Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, akaitumia kutengeneza upya ligamenti iliyokuwa imekatika. John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akaendelea kucheza hadi 1989 na kushinda mechi 164 baada ya upasuaji huo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Warushaji wengi wa ligi kuu wanaofanyiwa upasuaji huu kwa mara ya kwanza hurudi, lakini huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na kwa kawaida kasi hurudi mapema kuliko uwezo wa kuuweka mpira pale mrushaji anapotaka. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtu amerejea na anarusha maili 96, uliza pia anawapa wapigaji wangapi nafasi ya kutembea bure hadi kituo cha kwanza. Garrett Crochet alifanyiwa upasuaji huo Aprili 2022, mwaka 2023 akarusha iningi chache mno, mwaka 2024 akaanza mechi 32 akiwa na Chicago White Sox, kisha mwaka 2025, akiwa amehamia Boston, akaongoza American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu pamoja na National League, kwa iningi 205 na ushee. Aliyeuona upasuaji wa 2022 peke yake bila kuangalia mwendo wa miaka mitatu angemkosa.

Upasuaji wa pili wa kiwiko ni jambo zito zaidi, ingawa si hukumu ya mwisho. Nathan Eovaldi alifanyiwa mmoja akiwa bado shule ya sekondari na mwingine mwaka 2016, na baada ya hapo amekuwa katika timu mbili zilizotwaa ubingwa, Boston mwaka 2018 na Texas Rangers mwaka 2023. Aidha, si kila mpasuko hupelekwa kwenye kisu. Masahiro Tanaka aligunduliwa mwaka 2014 kuwa ligamenti yake imechanika kidogo, akatibiwa bila upasuaji, na akaendelea kuirushia New York Yankees hadi msimu wa 2020.

Bega linataka tahadhari zaidi kuliko kiwiko, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Kiwiko kina ukarabati uliozoeleka na ratiba inayojulikana. Bega ni kiungo kinachozunguka kila upande, kinachoshikwa na misuli midogo, gegedu na kifuko kinachokizunguka kiungo chote, na sehemu yoyote kati ya hizo ikiharibika ni vigumu kusema mrushaji atarudi vipi. Johan Santana alifanyiwa upasuaji wa kifuko cha bega mwaka 2010, akakosa msimu wa 2011 wote, na tarehe 1 Juni 2012 akairushia New York Mets mechi nzima bila kuruhusu pigo hata moja la kumfikisha mpigaji kituoni, kwa mipira 134, jambo ambalo hadi siku hiyo hakuna mrushaji wa Mets aliyekuwa amewahi kulifanya. Agosti ya mwaka huo huo ndipo aliporusha mechi yake ya mwisho katika ligi kuu. Brandon Woodruff wa Milwaukee alifanyiwa upasuaji wa aina hiyo Oktoba 2023, akakosa 2024 yote, na aliporudi Julai 2025 alirusha vizuri sana katika mechi 12 kabla ya kuumia tena, safari hii msuli wa upande wa mgongo.

Jeraha ninalolihofia kuliko yote ni lile ambalo mishipa ya damu na neva hubanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, kiasi kwamba mkono hufa ganzi na mrushaji hupoteza hisia ya vidole. Matibabu yake mara nyingi ni kuuondoa ubavu huo. Matt Harvey alifanyiwa mwaka 2016 na hakuwa tena mrushaji yule aliyetikisa New York. Stephen Strasburg alifanyiwa mwaka 2021, na habari yake inakuja katika sehemu ya mikataba.

Yapo pia majeraha yasiyosema lolote kuhusu mkono. Chris Sale, katika mwaka 2022 peke yake, alivunjika ubavu, akavunjika kidole alipopigwa na mpira ulioruka moja kwa moja kutoka kwenye gongo, na kisha akavunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka na baiskeli. Mambo matatu katika mwaka mmoja yanaonekana vibaya kwenye karatasi, lakini kati ya hayo mpira wa gongoni na baiskeli ni ajali tupu, na mrushaji aliyepata ajali si sawa na mrushaji ambaye ligamenti yake imeanza kulegea. Malengelenge ya vidole na kukazwa kwa msuli wa paja navyo viweke katika safu tofauti ya daftari lako, isipokuwa kama vinajirudia kila mwaka.

Fanya hesabu ya iningi

Hapa ndipo mabishano mengi yangekwisha kama watu wangechukua kalamu. Chukua nafasi moja katika safu ya warushaji watano, nafasi inayohitaji iningi 180 kwa msimu, na ulinganishe njia mbili za kuijaza. Njia ya kwanza ni mrushaji imara wa kiwango cha kati, anayerusha iningi zote 180 na kuruhusu mikimbio 4.20, yaani pointi za wapinzani, kwa kila iningi 9. Kwa msimu mzima ataruhusu mikimbio 84. Njia ya pili ni mrushaji hodari anayeumia, ambaye akiwa mzima huruhusu mikimbio 3.00 kwa kila iningi 9, na asipokuwepo nafasi yake inashikwa na mtu wa sita wa klabu, yule anayeitwa kutoka ligi za chini. Tuseme mtu huyo wa sita huruhusu mikimbio 5.00.

Kama hodari huyo atarusha iningi 110, ataruhusu mikimbio 37 hivi, na mtu wa sita ataruhusu 39 katika iningi 70 zilizobaki. Jumla ni takriban 76, yaani mikimbio 8 pungufu ya ile ya mrushaji imara. Wachambuzi wengi huhesabu kwamba mikimbio 10 ni sawa na ushindi mmoja, hivyo faida hiyo si ndogo, na imepatikana hata baada ya mtu kukosa zaidi ya theluthi ya msimu. Ukiendelea na hesabu utaona kwamba njia hizi mbili hulingana hodari anaporusha iningi 72. Akizidisha hapo, klabu imepata. Akipungukiwa, klabu imepoteza.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, yaani ubora wa mtu wa sita. Kama ni dhaifu na huruhusu mikimbio 6.00, hodari anatakiwa arushe iningi 108 ili klabu isipoteze. Kama klabu ina mtu wa sita mzuri anayeruhusu 4.50, iningi 36 zinatosha. Mrushaji ni yule yule na mkono ni ule ule, lakini kwa timu moja ni usajili wa busara na kwa nyingine ni hatari isiyobebeka. Ndiyo maana kabla ya kuangalia picha za kiwiko cha mtu, napendekeza shabiki aangalie majina ya sita, ya saba na ya nane katika safu ya timu yake. Ikiwa hawezi kuyataja, au anayataja kwa wasiwasi, basi swali la kumsajili mrushaji anayeumia limekwishajibiwa kwa sehemu kubwa.

Texas Rangers walilielewa jambo hili. Desemba 2022 walimpa Jacob deGrom mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 185, ingawa alikuwa ameanza mechi 15 tu mwaka 2021 na 11 mwaka 2022. Katika majira yale yale ya baridi walimsajili Eovaldi na Andrew Heaney, wakambakisha Martín Pérez, na ilipofika Julai 2023 wakawaongeza Max Scherzer na Jordan Montgomery. DeGrom alianza mechi 6, timu ikashinda zote 6, kisha ligamenti ya kiwiko ikakatika na akafanyiwa upasuaji wake wa pili. Rangers walitwaa ubingwa wa 2023 bila yeye. Mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 37, deGrom alianza mechi 30 na kuruhusu wastani wa mikimbio 2.97 kwa kila iningi 9. Klabu ambayo ingeweka matumaini yake yote katika mkono huo mwaka 2023 ingekuwa imeanguka mapema.

Ili kukadiria iningi za mwaka unaokuja, usichukue mwaka bora wala mwaka mbaya peke yake. Chukua misimu mitatu iliyopita, uupe msimu wa karibuni uzito mkubwa zaidi, kisha ujiulize kama kuna sababu ya kimwili ya kuongeza au kupunguza. Upasuaji uliokwisha kupona ni sababu ya kuongeza. Umri wa zaidi ya miaka 33 na msimu uliomalizika kwenye orodha ya majeruhi ni sababu za kupunguza. Andika makadirio matatu, la chini, la kati na la juu, na ulinganishe lile la chini na idadi ya iningi ambayo hesabu ya hapo juu imekupa.

Dalili ambazo shabiki anaweza kuziona mwenyewe

Klabu hupewa kumbukumbu za kitabibu na humfanyia mchezaji vipimo kabla ya kutia saini. Shabiki hana hizo, lakini takwimu za kila mpira uliorushwa zimewekwa wazi bure kwenye tovuti ya Baseball Savant, na mtu mwenye simu anaweza kuzifungua akiwa Mombasa au Minneapolis. Angalia kasi ya mpira wa kasi mechi kwa mechi. Kushuka kwa nusu maili kunaweza kuwa baridi ya Aprili au uchovu wa safari. Kushuka kwa maili moja na nusu kunakoendelea kwa mechi tatu mfululizo ni jambo la kusimama na kulitazama, hasa kama hapo hapo mrushaji ameanza kupunguza mpira wake wa kupinda ambao ndio silaha yake. Angalia pia mahali mkono unapouachia mpira. Mrushaji anayehisi maumivu ya bega mara nyingi huushusha mkono bila yeye mwenyewe kutambua. Na uhesabu siku kati ya mechi na mechi, kwa sababu mtu anayepumzishwa siku 7 pale ambapo wenzake wanapumzishwa 5 ana sababu, iwe imetangazwa au haijatangazwa.

Sikiliza maneno ya klabu kwa makini. Ikisemwa kwamba kigasha kimekaza, yaani misuli iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, chukulia kuwa kiwiko chenyewe kinachunguzwa, kwani misuli hiyo ndiyo inayoisaidia ligamenti na mara nyingi hulalamika kabla yake. Angalia pia aina ya orodha. Kwa mrushaji, orodha ya kawaida ni ya siku 15. Akihamishiwa ile ya siku 60, klabu imekubali kwamba habari si ya wiki mbili.

Mfano ambao mashabiki wa Yankees hawajausahau ni wa Frankie Montas. Mwanzoni mwa Julai 2022, akiwa na Oakland, alitoka kwenye mechi kwa maumivu ya bega, akapumzika, akarudi kwa mechi chache, na tarehe 1 Agosti akapelekwa New York katika mabadilishano yaliyowahusisha vijana wanne. Aliwaanzia Yankees mechi 8 kwa wastani wa mikimbio 6.35, Februari 2023 akafanyiwa upasuaji wa bega, na msimu huo akacheza mechi moja tu. JP Sears, mmoja wa vijana waliotolewa, alianza mechi 32 kwa Oakland mwaka 2023 na 32 nyingine mwaka 2024. Hakuna kilichofichika hapa kwa umma: lilikuwa bega, lilikuwa la mwezi ule ule, na mechi za kuthibitisha kwamba limepona zilikuwa chache mno.

Hata hivyo, wakati mwingine mambo hufichwa kweli. Baada ya mabadilishano ya Pomeranz niliyoyataja, ligi ilichunguza namna Padres walivyotoa taarifa za kitabibu, na Septemba 2016 ikamsimamisha kazi meneja wao mkuu, A.J. Preller, kwa siku 30 bila mshahara. Majira hayo hayo ya joto Miami Marlins walimpokea Colin Rea kutoka kwa Padres hao hao, akaumia kiwiko katika mechi yake ya kwanza tarehe 30 Julai, na siku chache baadaye akarudishwa San Diego. Marlins walirudishiwa Luis Castillo, kijana waliyekuwa wamemtoa, ambaye baadaye alikuwa mrushaji namba moja wa Cincinnati. Kwa hiyo unapoona klabu inamuuza mrushaji anayeongoza msimamo wa takwimu bila sababu ya wazi ya kifedha, ni haki kuuliza wanajua nini kuhusu mkono huo.

Bei na namna mkataba ulivyoandikwa

Hatari ile ile inaweza kununuliwa vizuri au vibaya. Desemba 2019 Washington Nationals walimpa Strasburg mkataba wa miaka saba wa dola milioni 245, alipokuwa ametoka kurusha iningi 209 na kuwa mchezaji bora wa World Series, fainali ya ubingwa. Baada ya hapo alianza mechi 8 tu, iningi 31 na theluthi, na mwaka 2024 akastaafu rasmi. Mwaka wake mzima kabisa ndio uliotangulia kuanguka, na kwa bahati mbaya ndio uliopanga bei. Sisemi Nationals walikosea kumheshimu mtu aliyewapa ubingwa. Ninasema shabiki asiuchukue msimu mmoja wa afya njema kuwa ushahidi wa kutosha kwa miaka saba.

Mikataba mifupi hubeba hatari hii kwa urahisi zaidi. Carlos Rodón aliachwa na Chicago White Sox baada ya 2020, wakamrudisha kwa dola milioni 3 za mwaka mmoja, na Aprili 2021 akarusha mechi bila kuruhusu pigo. Hata angeumia wiki ya pili, hasara ingekuwa ndogo. Alipokuja kupewa miaka sita na dola milioni 162 na Yankees mwishoni mwa 2022, mwaka wake wa kwanza ulikuwa wa mechi 14 na wastani wa 6.85, ingawa alisimama imara 2024 na 2025.

Kuna pia vifungu vinavyogawa hatari kati ya klabu na mchezaji, na ninashauri shabiki avitafute katika kila taarifa ya usajili. Kenta Maeda alipofanyiwa vipimo na Dodgers mwanzoni mwa 2016, kiwiko chake kilionekana kuwa na kasoro. Badala ya kuachana naye, waliandika mkataba wa miaka minane wenye dola milioni 25 tu za uhakika, na fedha nyingi zaidi zikategemea mechi na iningi atakazorusha. Mwaka huo alianza mechi 32 na kulipwa kwa kadiri hiyo. Boston nao, walipomsajili John Lackey Desemba 2009 kwa dola milioni 82.5, waliweka kifungu kwamba akikosa muda mrefu kwa ajili ya kiwiko, klabu itakuwa na haki ya mwaka wa sita kwa mshahara wa chini kabisa. Lackey alikosa 2012 yote kwa upasuaji, akauzwa St. Louis mwaka 2014, na Cardinals ndio waliovuna mwaka huo wa sita: iningi 218 kwa wastani wa 2.77, kwa mshahara wa msingi wa dola nusu milioni.

Vipimo vyenyewe si nabii. Desemba 2015 Dodgers walikuwa wamekubaliana na Hisashi Iwakuma kwa miaka mitatu na dola milioni 45, vipimo vikawatia shaka, makubaliano yakavunjika, naye akarudi Seattle. Mwaka 2016 alianza mechi 33. Mwaka 2017 akaanza 6, na hakurusha tena katika ligi kuu. Mashabiki wa 2016 waliowacheka Dodgers walikuwa wameangalia mwaka mmoja wa mkataba wa mitatu.

Jiulize timu yako inamhitaji lini

Timu inayopigania kuingia hatua ya mtoano kwa tofauti ya mechi mbili inahitaji iningi za Mei na Juni kama zile za Septemba. Timu yenye uhakika wa kuingia inaweza kumvumilia mrushaji anayekosa nusu ya msimu, mradi awe mzima Oktoba, kwa kuwa katika mtoano warushaji watatu au wanne wa kuanza hutosha na kila mmoja ana uzito mkubwa. Dodgers wamejenga kikosi chao juu ya msingi huo. Mwaka 2025 Blake Snell alianza mechi 11 na Tyler Glasnow 18 katika msimu wa kawaida, lakini wote wawili walikuwepo Oktoba, na Snell akawazuia Milwaukee kwa iningi 8 akiruhusu pigo moja katika mechi ya kwanza ya fainali ya National League. Mwaka uliotangulia, Glasnow huyo huyo aliumia Agosti na hakurusha hata mpira mmoja wa mtoano, na Dodgers wakabeba ubingwa kwa kuwa walikuwa na wengine.

Sale naye anafaa kufundishia uamuzi mzima. Desemba 2023, Atlanta Braves walipomchukua kutoka Boston kwa kumtoa Vaughn Grissom, alikuwa amerusha iningi 48 na theluthi tu katika misimu mitatu ya 2020 hadi 2022. Lakini mwaka 2023 alikuwa ameanza mechi 20 na kuumaliza msimu akiwa uwanjani, kiwiko kilikuwa na zaidi ya miaka mitatu tangu upasuaji, Boston walikubali kulipa dola milioni 17 za mshahara wake, na Braves hawakuhitaji awe mrushaji wao namba moja. Kila jibu katika orodha ya maswali lilikuwa zuri kuliko sifa yake mtaani. Alishinda mechi 18, akaruhusu wastani wa 2.38 na kutwaa Cy Young ya 2024, tuzo ya mrushaji bora wa National League. Mtoano ulipofika, mgongo ulimkaza na hakuweza kurusha, hivyo hata usajili uliofanikiwa kiasi hicho uliiacha timu bila yeye katika wiki iliyomhitaji zaidi.

Ukishafikia uamuzi wako, uandike kabla mechi hazijaanza: iningi unazotarajia, iningi zinazotosha ili usajili ulipe, na dalili ambayo ikionekana itakufanya ubadili mawazo. Kisha mfuatilie mrushaji huyo katika mechi zake sita za kwanza, ukiandika kasi ya wastani, idadi ya waliotembea bure na siku za mapumziko. Kwa aliye Afrika Mashariki, mechi inayoanza Los Angeles saa 1:10 usiku wakati wa kiangazi huangukia saa 11:10 alfajiri ya siku inayofuata, na takwimu zote huwa zimekwishapangwa kabla ya saa tatu asubuhi. Mechi hizo sita zikionyesha kasi iliyotulia na mapumziko ya kawaida, unaweza kulipandisha kadirio lako la kati. Zikionyesha kinyume, rudi kwenye majina yale ya sita, ya saba na ya nane, uangalie nani kati yao yuko tayari kuitwa.